Safari ya Fosforasi: Kutoka Mwambani Hata Mfupani

Mtu akipita katika vijiji vya Kasulu na Kibondo wakati wa masika, ataona jambo moja ambalo wenyeji wamelizoea hata hawalitazami tena. Karibu na nyumba migomba ni minene, majani yake ni mapana, na mikungu yake ni mizito hata hutiwa miti ya kuitegemeza. Lakini akitembea mwendo wa nusu saa, akavuka kijito na kupanda kilima cha pili, huenda akakuta shamba la mahindi mafupi, membamba, ambayo majani yake yameingia rangi ya zambarau pembeni. Mvua ni ile ile, jua ni lile lile, na mikono iliyolima ni ile ile. Basi tofauti hii imetoka wapi?

Mtoto mmoja alimwuliza bibi yake neno hilo walipokuwa wakirudi shambani. Akasema, "Bibi, mbona migomba ya mlangoni yanenepa, na mahindi yetu ya ng'ambo yadhoofika, nasi hulima huko kwa jasho zaidi?"

Bibi akamjibu, "Mjukuu wangu, mgomba wa mlangoni hula pamoja nasi. Shamba la ng'ambo twalila, lakini halijapata kula nasi hata siku moja."

Maneno hayo ni machache, walakini ndani yake mna elimu kubwa. Mimea huhitaji vyakula vingi kutoka katika udongo, na kila kimoja kina kazi yake. Katika somo hili tutafuata safari ya kimoja tu, ambacho kikikosekana hapana mmea uwezao kukua, wala mnyama, wala mtu. Jina lake ni fosforasi.

1. Jinsi ilivyogunduliwa

Mwaka 1669, katika mji wa Hamburg, Ujerumani, palikuwa na mtu jina lake Hennig Brand aliyekuwa akitafuta njia ya kufanya dhahabu. Alidhani ya kuwa dhahabu imo katika mkojo, kwa kuwa rangi yake ni ya manjano. Basi akakusanya mkojo mwingi, akauchemsha hata ukakauka, kisha akayapasha moto mkali yale masalio. Dhahabu hakuipata. Alipata kitu cheupe kama nta, ambacho kiling'aa gizani chenyewe, na kilipopata joto kidogo kiliwaka moto. Kitu hicho kikaitwa fosforasi, na maana yake katika Kiyunani ni mleta nuru. Miaka 100 hivi baadaye wataalamu wawili wa Uswidi, Gahn na Scheele, walionyesha ya kuwa kitu hicho hicho kimo kwa wingi katika mifupa.

Hapa duniani fosforasi haionekani peke yake hivyo, kwa maana huungana upesi na vitu vingine. Mwambani imeungana na madini, na mifupani imeungana na kalsiamu, ile iliyomo katika chokaa. Lakini ukitaka kujua mahali ambapo wanadamu wameitenga na kuitumia, tazama ule ubavu wa kisanduku cha kiberiti unapokwaruza kijiti: humo mna fosforasi.

2. Kazi yake katika mwili

Katika mwili wa mtu mzima mna kadiri ya gramu 700 za fosforasi, yaani pungufu kidogo ya robo tatu ya kilo. Katika kila sehemu 100 za hiyo, sehemu 85 hivi zimo katika mifupa na meno, na ndiyo maana mfupa ni mgumu. Sehemu zilizobaki ni chache, lakini kazi zake ni kubwa.

Kwanza, imo katika nyuzi nyembamba mno za urithi zilizomo katika kila chembe ya mwili, ambazo kwazo mtoto hufanana na wazazi wake, na mbegu ya ulezi huzaa ulezi wala haizai mtama. Pili, imo katika utando unaozunguka kila chembe. Tatu, ndiyo inayobeba nguvu. Zamani wapagazi walipita katika njia ya Ujiji na Tabora, wakichukua mizigo kutoka kambi hata kambi. Mpagazi akitua mzigo wake alirudi kuchukua mwingine. Ndivyo ilivyo ndani ya chembe. Fosforasi huunganishwa na kutenguliwa, na katika kutenguliwa huko nguvu hutolewa, ili msuli uvute, moyo upige, na mzizi upenye udongo. Kazi hiyo haipumziki mchana wala usiku.

Mmea nao hufanya vivyo hivyo. Mche wa mahindi ukikosa fosforasi mizizi yake hubaki mifupi, haukui upesi, na majani yake huingia ile rangi ya zambarau tuliyoitaja. Na mmea unapokaribia kukomaa huhamisha sehemu kubwa ya fosforasi yake katika mbegu, iwe akiba ya mche utakaozaliwa. Kumbuka neno hili, maana tutalirudia.

3. Kutoka mwambani hata mzizini

Naitrojeni, ambayo nayo ni chakula cha mimea, imejaa hewani, na mimea ya jamii ya maharage husaidiwa na vijidudu vya mizizini kuitwaa huko. Fosforasi siyo hivyo. Haina ghala hewani. Chanzo chake ni mwamba. Mvua, joto, na mizizi huula mwamba polepole, na fosforasi hutoka humo kidogo kidogo, kwa miaka maelfu na maelfu. Kwa hiyo tusidhani ya kuwa mwamba utatulipa msimu ujao kile tulichokitwaa msimu huu.

Tena kuna shida ya pili. Nchi ya Buha ina udongo mwekundu mahali pengi, na wekundu huo ni wa chuma kilichopata kutu. Udongo wa namna hii, hasa ukiwa mchachu kwa sababu ya kuoshwa na mvua nyingi, huishika fosforasi kwa nguvu kama mtu afumbaye ngumi. Fosforasi imo, lakini mzizi hauwezi kuinyang'anya. Hivyo mmea waweza kuona njaa juu ya ghala iliyofungwa.

Ni nani basi mwenye ufunguo? Mmoja ni kuvu. Katika misitu ya miombo, nyuzi za kuvu, nyembamba kuliko unywele, huizunguka mizizi ya miti na kuenea mbali katika udongo. Kuvu huleta fosforasi na kuupa mti, na mti huipa kuvu sukari iliyofanywa majanini. Uyoga mwingi ambao akina mama huchuma msituni wakati wa mvua na kuuza kandokando ya barabara ni tunda la kuvu hao. Mwenye ufunguo mwingine ni mbaazi, ambayo mizizi yake hutoa uchachu unaoifungua ile ngumi ya chuma na kuitwaa fosforasi iliyoshikwa.

4. Mzunguko wa msituni na mzunguko wa nyumbani

Msitu ukiachwa peke yake huzungusha mali yake bila kupoteza nyingi. Jani huanguka, likaliwa na mchwa na kuvu na vijidudu, likaoza. Fosforasi yake ikachukuliwa tena na mzizi, ikapanda katika jani jipya. Swala akila jani, atairudisha kwa kinyesi, na akifa, kwa mifupa. Fosforasi ile ile imepita katika miti na wanyama wengi mno, wala haichakai.

Watu wa nchi za miombo waliijua siri hii tangu zamani, ijapokuwa hawakulijua jina la fosforasi. Wabemba wa Zambia, kwa mfano, walikata matawi ya miti, wakayarundika pamoja, wakayachoma, na katika majivu wakapanda ulezi. Ukichoma majani, naitrojeni nyingi hutoka na moshi, lakini fosforasi karibu yote hubaki katika majivu. Majivu tena hupunguza uchachu wa udongo. Mavuno ya mwaka wa kwanza huwa mazuri. Lakini kazi hiyo yahitaji msitu mkubwa na miaka mingi ya kupumzisha nchi, na siku hizi watu ni wengi na nchi ya kupumzisha ni haba. Tena moto uliotiwa ovyo kilimani huacha majivu wazi, na mvua ya kwanza huyachukua yote mpaka mtoni.

Sasa turudi kwa bibi. Kwa nini migomba ya mlangoni ni minene? Kwa sababu huko hutupwa maganda, majivu ya jikoni, mabua, na samadi ya mbuzi na ng'ombe. Lakini tujiulize zaidi: vitu hivyo vilitoka wapi? Mahindi yaliyopukuchuliwa uani yalitoka shamba la ng'ambo. Kuni zilitoka msituni. Majani aliyokula ng'ombe yalitoka malishoni. Basi unene wa mgomba ni mali iliyochukuliwa mahali pengine, ikakusanyika karibu na nyumba. Shamba la ng'ambo limekuwa likiulisha mgomba miaka yote, kikapu kwa kikapu, na hakuna aliyelirudishia.

5. Njia ya kushuka ziwani

Fosforasi nyingine hupotea kwa mvua. Kwa kuwa imeshikamana na chembe za udongo, haipotei sana kwa kuyeyuka majini. Hupotea udongo wenyewe unapochukuliwa. Ukiona maji mekundu yakishuka kilimani, ujue ya kuwa yamebeba chakula cha watoto.

Maji ya Kasulu na Kibondo mwisho wake huingia mto Malagarasi. Mto huo huanza katika milima ya mpakani mwa Burundi, huzunguka upande wa mashariki, huingia katika mabwawa makubwa ya Moyowosi, kisha hugeuka magharibi na kuingia Ziwa Tanganyika. Mto Ruchugi, unaotoka upande wa Kasulu, hukutana nao karibu na Uvinza penye chumvi. Katika mabwawa maji hupunguza mwendo, na matope mengi hutua, na mafunjo huyala. Kwa sababu hiyo na nyinginezo mabwawa hayo ni ya thamani kubwa, na mwaka 2000 yaliandikwa katika orodha ya mataifa ya ardhi oevu zinazolindwa, yakawa ya kwanza kwa Tanzania.

Fosforasi inayofika ziwani huliwa na mimea midogo isiyoonekana kwa macho, nayo huliwa na vijidudu vya majini, navyo huliwa na dagaa. Vyote vikifa huzama. Na Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, nalo ni la pili duniani kwa kina. Maji yake ya chini ni kama ghala yenye giza. Lakini kuanzia Mei hata Septemba upepo wa kusini-mashariki huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na maji ya chini huinuka upande wa kusini yakileta vyakula juu. Ndipo mimea midogo hustawi na samaki hushiba. Mwaka 2003 wataalamu walieleza ya kuwa maji ya juu yamezidi kupata joto, na kwa hiyo hayachanganyiki na ya chini kama zamani, na chakula kipandacho kimepungua. Jambo hili lawahusu wavuvi wote wa Kigoma.

Tazama sasa ajabu moja. Wavuvi huwavua dagaa usiku kwa taa, huwaanika mchangani, na wachuuzi huwapeleka magulioni Kasulu na Kibondo. Dagaa huliwa mzima, pamoja na mifupa yake. Hivyo fosforasi iliyoshuka kwa maji hupanda mlima tena ndani ya gunia. Lakini inayopanda ni kidogo kuliko inayoshuka.

Wala tusidhani ya kuwa udongo ukiingia ziwani kwa wingi ni baraka kwa samaki. Katika Ziwa Viktoria uchafu wa miji na udongo wa mashamba ulizidisha fosforasi na naitrojeni, na katika miaka ya 1990 magugu-maji yalifunika ghuba na bandari hata vyombo vikashindwa kupita. Kitu kile kile kilichopungua shambani kikawa taabu majini.

6. Mlima wa Minjingu

Karibu na Ziwa Manyara kuna kilima kiitwacho Minjingu. Zamani sana ziwa hilo lilikuwa kubwa zaidi, na kilima hicho kilikuwa kisiwa. Ndege waitwao mnandi walivua samaki ziwani, wakakaa kisiwani kwa makundi makubwa, na kinyesi chao pamoja na mifupa vikarundikana kwa miaka mingi mno. Vikageuka kuwa jiwe. Jiwe hilo liligunduliwa mwaka 1956, na kuanzia mwaka 1983 likachimbwa na kusagwa liwe mbolea. Katika kilo 100 za jiwe la Minjingu mna kadiri ya kilo 13 za fosforasi.

Jiwe hilo lina tabia inayoufaa udongo mchachu. Huyeyushwa na uchachu. Hivyo ule uchachu unaoudhi mazao huwa ndio unaolifungua jiwe. Magharibi mwa Kenya wakulima walijaribu kulitia shambani pamoja na majani mabichi ya alizeti-mwitu, ile yenye maua ya manjano iotayo kandokando ya njia, na mahindi yakazidi.

Lakini miamba ya namna hii haipatikani kila mahali. Katika akiba yote ijulikanayo duniani, kadiri ya sehemu 7 katika kila 10 zimo Moroko na Sahara Magharibi. Kwa hiyo mkulima anayetegemea mbolea ya mfuko peke yake hutegemea bei iliyokatwa mbali naye.

7. Hesabu ya gunia

Tulisema ya kuwa mmea huweka akiba yake katika mbegu. Sasa tufanye hesabu. Gunia la kilo 100 la mahindi lina robo kilo ya fosforasi, au zaidi kidogo. Gunia kama hilo la maharage lina gramu 400 hivi. Basi magunia mawili ya maharage yamebeba fosforasi zaidi ya ile iliyomo katika mwili mzima wa mtu.

Tuseme nyumba moja huuza kila mwaka magunia 10 ya mahindi na magunia 5 ya maharage. Mahindi yatachukua kilo 2 na nusu, na maharage kilo 2. Jumla ni kilo 4 na nusu. Kwa miaka 10 ni kilo 45, sawasawa na fosforasi ya miili ya watu wazima zaidi ya 60. Mnunuzi hulipa fedha za maharage, lakini kile udongo ulichokitoa hakuna anayekilipa. Watu wa Kibondo ni warina asali, nao waujua ukweli wa methali isemayo, "Chovya-chovya humaliza buyu la asali." Shamba halimalizwi kwa siku moja.

8. Tufanyeje?

Kuuza mazao si kosa. Mtu huuza apate ada, nguo, na dawa. Kosa ni kuchukua pasipo kurudisha.

Kwanza, tuuzuie udongo usishuke. Tulime kwa kukingama na mteremko, tufanye matuta, na kupanda majani ya kushika udongo. Hili latangulia yote, kwa maana mbolea itiwayo katika shamba linalochukuliwa na maji ni mbolea iliyotupwa mtoni.

Pili, tuchimbe shimo la mbolea, tutie humo samadi, majivu, na maganda, tulifunike lisioshwe na mvua wala kukaushwa na jua. Lakini tusijidanganye: kilo 100 za samadi kavu mara nyingi hazina hata nusu kilo ya fosforasi. Yahitajiwa vikapu vingi.

Tatu, mifupa isitupwe ovyo. Ikichomwa hulegea, ikapondeka, ikafaa kutiwa katika mashimo ya kupandia.

Nne, tuchanganye mazao, na mbaazi isisahauliwe.

Tano, mwenye uwezo anunue mbolea kidogo, naye aitie shimoni karibu na mbegu. Akiitawanya shamba zima, ule udongo mwekundu utaifumbia ngumi yake kabla mzizi haujafika.

Yule mtoto tuliyemtaja hakuwa na fedha za mbolea, wala bibi yake. Lakini tangu siku ile, kila walipokwenda ng'ambo, walichukua kila mtu kikapu cha samadi iliyooza. Wakati wa kwenda vikapu vilijaa mbolea, na wakati wa kurudi vilijaa mazao. Shamba halikunenepa mwaka ule. Katika msimu wa tatu, mistari iliyotangulia kupata mbolea ilikuwa na majani ya kijani hata pembeni, na mtoto aliihesabu mistari hiyo akakuta ni kumi na minne. Bibi akasema, "Sasa na shamba hili limekaribishwa chakulani."

Maswali

1. Kwa nini migomba ya karibu na nyumba hustawi kuliko mahindi ya shamba la mbali? Mali ya migomba hiyo imetoka wapi?
2. Taja kazi tatu za fosforasi katika mwili.
3. Udongo mwekundu na mchachu huitendaje fosforasi? Ni nani wawezao kuifungua?
4. Eleza safari ya fosforasi kutoka kilima cha Kasulu hata Ziwa Tanganyika, na jinsi sehemu yake irudivyo.
5. Kwa nini jiwe la Minjingu hufaa katika udongo mchachu?
6. Nyumba moja huuza kila mwaka magunia 8 ya mahindi na magunia 3 ya maharage. Je, kwa miaka 5 hutoa kilo ngapi za fosforasi katika shamba lake?
7. Kazi ya kufanya: Tazama shamba la kwenu. Andika katika daftari vitu vyote vitokavyo shambani kwa juma moja, na vitu vyote virudivyo. Waonyeshe wazazi wako.